Kila Penye Mchubuko Alipita Mtu

Mwaka 1913, mafundi wa kiwanda cha Meyer katika mji wa Papenburg, Ujerumani, waliunda meli kisha wakaifungua vipande vipande. Ndivyo ilivyopangwa. Vipande hivyo vilitiwa katika makasha yapatayo 5,000, vikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, vikapandishwa reli ya kati, na huko Kigoma vikaunganishwa upya kwa ribiti. Tarehe 5 Februari 1915, Graf von Goetzen iliteremshwa katika Ziwa Tanganyika. Vita Kuu ilikuwa imeshaanza. Tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani wakirudi nyuma, waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa Mto Malagarasi, lakini kwanza waliipaka injini yake grisi nzito isije ikaliwa na kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Ninaiunda meli hiyo kwa kipimo cha 1/350. Chombo cha mita 71 hivi kinakuwa na urefu wa sentimita 20, kinaenea juu ya daftari. Kukata plastiki na kuibandika ni kazi ya subira tu. Kazi ya kufikiri huanza ukifika kwenye rangi, kwa sababu huwezi kupaka rangi meli bila kuipa umri. Lazima uchague siku. Meli ya Februari 1915 ni nyingine, ya Julai 1916 ni nyingine, na ile iliyotolewa majini mwaka 1924 ni nyingine kabisa.

Waswahili husema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Waunda modeli wameupindua msemo huo: kwao kinyemi ni kikuukuu. Wana mbinu nyingi za kuzeesha. Iliyo rahisi kuliko zote ni kipande cha sifongo kilichochovywa rangi ya kahawia iliyoiva, kikakaushwa kidogo, kikagusishwa kwenye kingo hadi kiache madoa madogo yasiyo na mpangilio. Wengine hunyunyiza chembe za chumvi juu ya rangi ya chini iliyoloweshwa, wakaiacha ikauke, wakapaka rangi ya juu, kisha wakaing’oa chumvi ili mashimo yabaki. Ninayoipenda mimi hutumia spreyi ya nywele. Unapaka rangi ya chini, unailinda kwa vanishi, unapuliza spreyi, kisha unaweka rangi ya akriliki juu yake. Ikishakauka, unailowesha kwa maji na kuisugua polepole kwa brashi. Spreyi huyeyuka, na rangi ya juu hubanduka vigae vidogo vidogo, kama inavyobanduka kwenye mlango wa bati.

Uzuri wa mbinu hii ni kwamba inakulazimisha ufuate mpangilio wa mambo yalivyotokea. Chukua vifaru vya Wajerumani vilivyoshushwa Tripoli, Libya, mwanzoni mwa mwaka 1941. Vilifika na rangi ya kijivu iliyokusudiwa mashamba ya Ulaya. Baadaye vikapakwa rangi ya mchanga juu ya ile ya kijivu, na upepo wa jangwani, mchanga na buti za askari vikaanza kuikwangua. Anayeunda kifaru cha aina hiyo hupaka kijivu kwanza, mchanga baadaye, halafu huchubua. Akianza na rangi ya kutu kwa kuwa kutu inapendeza, ameshaandika historia isiyokuwepo, maana kilichojitokeza pale si chuma bali amri ya zamani iliyofunikwa na amri mpya. Tabaka za rangi ni nyaraka, na mchubuko ni mahali ambapo nyaraka ya chini inasomeka.

Hata hivyo, modeli nyingi zinazosifiwa zina kutu kupita kiasi. Kifaru kilichokwenda vitani hakikutarajiwa kuishi miaka mingi, na vingi viliteketea kabla rangi haijapata muda wa kuchakaa. Lakini kwenye meza za mashindano utaviona vimeoza utadhani vilitupwa mtoni miaka thelathini. Sababu moja ni kwamba jicho limezoeshwa. Mwaka 1977 filamu ya Star Wars ilionyesha vyombo vya anga vilivyochubuka na kuchafuka, vingi vikiwa vimepambwa kwa vipande vya modeli za madukani, za vifaru na meli. Vyombo hivyo havikuwahi kwenda popote, lakini watazamaji waliviamini kwa sababu ya uchafu wake. Miaka mitatu baadaye, Mmarekani Shepard Paine alichapisha kitabu cha kuunda mandhari ndogo, How to Build Dioramas, akifundisha kwamba mandhari hiyo isimulie kisa. Nadhani wengi wetu tulipokea somo hilo nusu nusu: tukachukua uchafu, tukaacha kisa.

Hesabu nayo haisamehe. Doa la milimita moja kwenye kifaru cha kipimo cha 1/35 ni sentimita tatu na nusu kwenye kifaru chenyewe, na hilo linakubalika. Doa hilohilo kwenye meli yangu ni sentimita 35, sawa na sinia la pilau. Madoa kumi ya namna hiyo ubavuni, na nahodha angeitwa kujieleza.

Goetzen ina mitego yake. Vitabu vingi vya kuzeesha meli vinahusu meli za baharini, ambako chumvi hukila chuma kwa pupa na kutu hutiririka kutoka kwenye tundu la nanga. Tanganyika ni maji baridi, hivyo kutu yake huenda taratibu zaidi. Picha za zamani nazo hudanganya kwa njia yao. Filamu nyingi za enzi ile hazikuiona rangi nyekundu, kwa hiyo kutu na rangi nyekundu ya kinga zilitoka nyeusi, huku buluu ikipauka. Ukiiga weusi unaouona pichani, huenda unaiga upofu wa filamu.

Nimechagua Julai 1916, siku chache kabla ya kuzamishwa. Meli ina miezi 17 tangu iguse maji. Kwa hiyo kutu ni kidogo. Kilicho kingi ni mikwaruzo, na mikwaruzo haitokei ovyo. Rangi huisha mahali palipo na kazi: kwenye kizingiti cha mlango unaopitwa kila saa, kwenye vipago vya ngazi, kwenye ukingo ambako kamba hukwaruza, penye ubao wa kupandishia mizigo, na sakafuni karibu na chumba cha tanuru. Meli inapofunga gatini, ubavu husuguana na nguzo. Ukiweka doa mahali ambapo hakuna mkono, mguu wala kamba iliyofika, umepamba tu.

Hapo ndipo ninapoona uzito wa jambo hili. Historia ya meli hii imehifadhi vizuri jina la gavana iliyopewa, jina la kiwanda na tarehe za makamanda. Waliobeba makasha, waliochochea moto na waliovuta kamba hawana ukurasa wao. Kwa kipimo changu, mtu mzima ana urefu wa milimita tano, na katika maduka ya modeli sijawahi kuona kuli wa Kigoma akiuzwa kwenye pakiti. Ninaona chupa nyingi za rangi ya kutu: kutu mbichi, kutu kuukuu, kutu ya machungwa. Tasnia nzima imejifunza kupenda uchovu wa chuma bila kuuliza ni nani mwingine aliyechoka.

Siwezi kuwarudishia majina kwa brashi. Naweza kuweka mchubuko pale tu walipopita, na kuacha rangi iwe nzima pale walipopita maofisa wachache. Kwa hiyo daraja la nahodha nimeliacha karibu jipya. Kizingiti cha chumba cha tanuru nimekisugua hadi chuma kikaonekana.