Mwalimu na Fedha

Mhariri aliniomba niandike juu ya maisha ya bwenini enzi zetu, uji wa asubuhi na zamu za kuchota maji, nami nilikuwa nimekwisha kuanza. Lakini katika mkutano wetu uliopita kijana mmoja wa Kidato cha Tatu aliuliza swali ambalo wakubwa waliokaa meza ya mbele walilicheka, likapita bila jibu. Tulikuwa tumetoka kusikiliza hotuba ndefu juu ya uadilifu wa Mwalimu Nyerere. Kijana akasimama, akaomba radhi, akasema: "Mwalimu alikuwa hana fedha, au alikuwa hazitaki?"

Mimi sikucheka. Nimekuwa mtumishi wa serikali kwa muda sasa, masurufu hupita mikononi mwangu kila robo ya mwaka, na swali hilo nimewahi kujiuliza usiku. Nitajaribu kulijibu kwa yale tunayoyajua, maana sisi watu wa Mara hatuna udhuru wa kutoyajua. Butiama ni jirani yetu.

Kwanza tuondoe dhana kwamba alitoka kwenye ufukara. Alizaliwa mwaka 1922, mtoto wa Chifu Burito Nyerere wa Wazanaki, aliyekuwa na wake ishirini na wawili. Mama yake, Mgaya, alikuwa wa tano. Ni kweli kwamba uchifu katika nchi ile haukuwa wa majumba na sanduku la fedha. Utajiri ulikuwa ng'ombe na watu, na watoto wa chifu walichunga na kulima kama watoto wa wengine. Mwaka 1934, akiwa na miaka kumi na miwili, aliingia shule ya Mwisenge hapa hapa Musoma, na mwaka 1937 akaenda Tabora. Kutoka Tabora akapata Makerere. Kwa kijana wa Kiafrika wa miaka ile, mlango wa mshahara wa serikali ulikuwa wazi mbele yake.

Hapo ndipo tunapokutana na jambo la kwanza la kutazamwa. Alipotoka Makerere mwaka 1945 aliweza kufundisha shule ya serikali ya Tabora, penye utumishi unaohesabiwa pensheni, au St Mary's ya mapadre, mjini humo humo, ambako pensheni hiyo haikuwapo. Alichagua St Mary's. Watumishi wenzangu mtaelewa uzito wa jambo hilo. Mtu wa miaka ishirini na mitatu huwa hafikirii pensheni, hilo nakubali, lakini wazazi na jamaa humfikiria kwa niaba yake.

Mwaka 1949 alikwenda Edinburgh, akarudi mwaka 1952 na shahada. Aliporudi alijenga nyumba ya kuishi na mchumba wake, Maria, akikanyaga udongo kwa miguu yake mwenyewe. Watu walishangaa, maana msomi aliyetoka Ulaya alitazamiwa kusimama pembeni na kuelekeza wengine. Walifunga ndoa Januari 1953, kisha wakahamia Pugu, alikokwenda kufundisha. Julai 7, 1954 TANU ikazaliwa, yeye akiwa Rais wake.

Mwezi Machi 1955 alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi ilimbidi achague, ualimu au siasa. Akaandika barua ya kuacha kazi. TANU wakati ule ilikuwa chama kichanga, haina hazina ya kumlipa mtu mshahara wa mwalimu mwenye shahada. Basi mwanachuo wa Edinburgh, mwenye mke na watoto, akarudi Musoma bila kazi, akakaa miezi kadhaa akimfundisha Kizanaki padre mmoja Mmarekani wa shirika la Maryknoll ili apate cha kutumia.

Kwa hiyo, kijana wa Kidato cha Tatu, jibu la mwaka 1955 ni hili: hakuwa nazo kwa sababu hakuzitaka kiasi cha kuziacha zimzuie. Lakini usiishie hapo kama walivyoishia wasemaji wetu. Mtu akiacha mshahara, njaa haiachi kuja nyumbani. Kuna mtu huikabili. Mama Maria aliendesha duka dogo Dar es Salaam katika miaka ile ya kupigania Uhuru, nyumba ikapata chumvi na mafuta ya taa. Katika hotuba zetu tunamsifu Mwalimu kwa kutojali fedha, na aliyelazimika kuzijali hatumtaji. Mimi naona hilo ni pungufu kubwa katika namna tunavyoisimulia historia hii.

Hata faini yake ilikuwa ya watu wengi. Mwaka 1958 alishtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wawili wa serikali ya kikoloni katika jarida la chama, akahukumiwa kulipa paundi 150, yaani shilingi 3,000, au kwenda jela miezi sita. Faini ikalipwa, na watu walichanga. Wengi wa wanachama wa TANU wa wakati ule walikuwa wakulima, makuli na wauza samaki.

Uhuru ulipopatikana Desemba 1961 alikuwa Waziri Mkuu. Wiki sita baadaye, Januari 1962, akajiuzulu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama mikoani. Wengi hulitazama tendo lile kwa upande wa siasa tu. Mimi hulitazama pia kwa upande wa cheo na marupurupu yake: mtu aliyeshika kitu kwa vidole viwili, si kwa ngumi.

Halafu ikaja Oktoba 1966. Wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa lile la kukatwa sehemu kubwa ya mishahara yao baada ya masomo. Mwalimu aliwasikiliza Ikulu, kisha akawaka. Mshahara wake ulikuwa shilingi 5,000 kwa mwezi. Alipiga hesabu mbele yao: mtu wa kima cha chini anapata shilingi 200, hivyo angehitaji miaka 25 kupata kile Rais anachopata kwa mwaka mmoja. Palepale akatangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na ya mawaziri ikafuata. Wanafunzi karibu 400 wakarudishwa makwao. Wengi walikuja kurejeshwa mwaka uliofuata, lakini wazazi wao waliwaona wakishuka kwenye mabasi na masanduku kichwani, na aibu ile si ya kusahaulika upesi.

Miezi minne baadaye, Februari 5, 1967, lilitangazwa Azimio la Arusha pamoja na masharti ya viongozi: asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mama Maria akaachana na mradi wake wa kuku. Masharti yaliwahusu pia watumishi wa serikali wa vyeo vya kati na vya juu, na hapa sina budi kusema la kweli. Mimi nina nyumba ya vyumba vinne hapa Nyakato ninayoipangisha; ndiyo inayonisomeshea watoto. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 liliyalegeza masharti yale, jambo ambalo Mwalimu mwenyewe hakulipenda hata kidogo. Kama ningekuwa na cheo changu hiki mwaka 1967 ningechagua kipi? Ningependa kuwaambia wadogo zangu kwamba ningeuza nyumba. Sina hakika. (Ni yeye pia aliyetafsiri tamthilia ya Shakespeare inayomtaja mfanyabiashara mmoja wa Venisi, akaitoa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Katika tafsiri bepari mmoja alizaa wengi.)

Mpaka hapo alikuwa akitoa kilicho chake, au cha nyumba yake. Lakini mkuu wa nchi huja akatoa na cha wengine. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya walowezi wa Rhodesia waliojitangazia uhuru, nasi tukapoteza mkopo wa paundi milioni saba na nusu. Mwaka huo huo tulikuwa tumekwisha kukosana na Ujerumani ya Magharibi, na msaada wake ukaenda. Dar es Salaam ikawa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU tangu 1963. Wapigania uhuru wa Msumbiji walifanya mazoezi Kongwa na Nachingwea, wakala chakula chetu. Nchi yenye barabara za lami za kuhesabika ilitoa bila kudai risiti. Juu ya hilo mimi sina kinyongo, najivunia hasa. Msumbiji ilijitawala 1975, Zimbabwe 1980. Paundi zile zingekwisha liwa.

Juu ya vijiji, moyo wangu umegawanyika.

Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini si hiari tena, ni amri. Mwaka 1974 operesheni ikafika Mara. Nia ilikuwa njema, nayo inajulikana: watu wakikaa pamoja watapata shule, zahanati na bomba la maji. Mwaka huo huo, mwezi Novemba, Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa hapa Musoma, ikaamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa Tanzania awe na nafasi ya shule ya msingi. Baba yangu mdogo alisoma kwa sababu ya uamuzi ule. Lakini babu yangu alikuwa na mji wake, wenye boma la ng'ombe na vihenge viwili vya mtama na ulezi, na makaburi ya wazee wake nyuma ya nyumba. Alipewa siku chache. Kihenge kimoja kilibebeka. Cha pili kiliachwa kikanyeshewa mvua. Paa la nyumba liliezuliwa ili asirudi.

Nimelifikiria sana jambo hili, na hivi ndivyo ninavyoliona. Mtu asiyeshikilia mali yake huona wepesi kuiacha, na hilo ndilo tunalompendea. Lakini wepesi huo huo humfanya asisikie vizuri uzito wa kihenge kwenye kifua cha mwingine. Aliyejenga nyumba kwa miguu yake na kuiacha bila huzuni huenda hakufahamu kwa nini mzee wa miaka hamsini analia kwa ajili ya nyumba ya udongo. Sisemi hakuwa na huruma. Sijui kiongozi wa zama zake aliyekuwa nayo zaidi. Nasema tu kwamba alipotoa chake hakukosea hata mara moja, na alipotoa cha watu alikosea mara kadhaa.

Alistaafu Novemba 1985, akamkabidhi nchi Mzee Ali Hassan Mwinyi, akarudi Butiama kulima. Nyumba kubwa inayoonekana pale leo si yeye aliyeijenga. Ni zawadi ya Jeshi la Wananchi, nayo ilikamilika mwaka 1999, hakuikalia muda mrefu. Oktoba 14 mwaka ule akafariki London. Sisi tulikuwa Kidato cha Tatu. Wale wa darasa langu mtakumbuka jinsi kengele ilivyogongwa wakati usio wake, na jinsi mwalimu wa zamu alivyoshindwa kumaliza tangazo.

Babu wakati huo aliishi kwa baba yangu, hapa Nyakato. Nilidhani habari ile haitamgusa, maana nilikua nikimsikia akikitaja kihenge kile kila mvua za vuli zinapoanza. Siku ya maziko ilipokaribia alichukua fimbo, akavaa koti la sufi ambalo baba alimnunulia kwa mshahara wa mwezi mzima, akasema anakwenda Butiama. Bibi akamuuliza, anakwenda kumzika mtu aliyemvunjia nyumba? Babu akajibu kwa kifupi: "Kihenge changu hakukipeleka kwake." Akadandia lori.

Mwalimu alizikwa Oktoba 23. Babu alirudi siku ya pili yake jioni, sehemu ya njia kwa miguu, magoti yamevimba, na koti hana. Umati ulikuwa mkubwa, akasema. Watu walilala nje, na mzee mmoja kutoka Bunda alikuwa akitetemeka kwa baridi. Bibi aliweka chini sufuria, akamgombeza mbele yetu sote: koti lile hakulinunua yeye.