Mwalimu na Bunduki

Londiani ni mji mdogo wa nyanda za juu katika kaunti ya Kericho, kando ya reli ile iliyofika Kisumu mwaka 1901. Asubuhi ni baridi, na ukungu hutoka msituni ukafunika njia. Chuo cha misitu kilichoko huko tangu mwaka 1957 kimefundisha vijana wengi kutunza miti. Mgeni apitaye leo hawezi kudhani kwamba mwaka 1992, na tena mwezi wa Januari 2008 baada ya uchaguzi wa Desemba, nyumba ziliteketezwa hapa, watu wakauawa, na familia nyingi zikakimbia na magodoro vichwani. Watoto walioketi dawati moja wakatenganishwa, kila mmoja akaenda upande wa wazazi wake.

Nimeanza na Londiani kwa sababu ya swali niliyoulizwa darasani na mmoja wa walimu wanafunzi wangu, kijana aliyetazamia kwenda kufundisha Bonde la Kerio. Alisema, "Mwalimu, kwa nini serikali haitufunzi kupiga bunduki, ili tuwalinde watoto sisi wenyewe?" Darasa zima likanyamaza. Nami siku ile sikuwa na jibu la kumpa.

Wala halikuwa swali la mzaha. Mwezi wa Februari 2022, basi la shule ya Tirap, likiwa linarudi kutoka safari ya masomo, lilipigwa risasi katika bonde hilo. Dereva akafa na wanafunzi kadhaa wakajeruhiwa. Tarehe 13 Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti ya Garissa. Kabla ya hapo, tarehe 22 Novemba 2014, basi lilisimamishwa karibu na Mandera na abiria 28 wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wakienda nyumbani kwa likizo. Walimu wengi wa kutoka mbali walikataa kurudi huko, na shule zikabaki na wanafunzi bila wa kuwafundisha. Basi mtu anayeomba silaha baada ya hayo si mtu wa vita. Ni mtu aliyehesabu makaburi.

Katika nchi yetu wazo la kumpa raia bunduki ya serikali si geni. Jeshi la polisi wa akiba liliundwa mwaka 1948, na baada ya uhuru askari wake wakawa watu wa vijiji vya kaskazini, wanaochunga mifugo yao huku wakilinda jirani zao. Mwaka 2019 wengi walinyang'anywa silaha, kwa kuwa ilidaiwa kwamba baadhi yao walizitumia vibaya. Miaka michache baadaye serikali ikaanza kuandikisha wengine. Ndipo watu wengine wakasema kwamba walimu nao wangeweza kuingizwa katika akiba hiyo.

Pakistani walijaribu. Tarehe 16 Desemba 2014 wauaji waliingia shule moja ya mji wa Peshawar wakaua watu zaidi ya 140, wengi wao watoto. Mwezi uliofuata polisi wa jimbo lile walianza kuwafunza walimu, wake kwa waume, kulenga shabaha. Tusiwadhihaki. Mwezi wa Januari 2016, chuo kikuu cha Charsadda kiliposhambuliwa, mhadhiri mmoja wa kemia aliwafyatulia wauaji bastola yake, akawapa wanafunzi wake nafasi ya kukimbia, naye akauawa. Lakini mwaka 2015, katika bonde la Swat, mwalimu aliyekuwa akisafisha bastola yake shuleni alimpiga risasi mwanafunzi kwa bahati mbaya, na mtoto yule akafa. Bunduki ya mwalimu hukaa shuleni kila siku, hata miaka ambayo adui haji.

Hapo kwetu Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, watu wanne waliingia chuo kikuu kabla ya jua kuchomoza. Walinzi wa langoni walipigwa risasi kwanza. Watu 148 walikufa siku ile. Kikosi maalumu cha polisi kilifika jioni, na kilipoingia kilimaliza kazi kwa muda mfupi sana. Mimi nikiisoma habari hiyo, sioni upungufu wa walimu wenye bastola. Naona saa zilizopotea, asubuhi hata jioni, kwa msaada usiofika.

Tena kuna jambo ambalo Londiani inalijua kuliko Peshawar. Mwaka 1992 na mwaka 2008 adui hakutoka mbali. Alikuwa jirani, pengine mzazi wa mwanafunzi, na mwalimu naye alikuwa na kabila lake, kama sote. Bunduki ile angeielekeza wapi? Na hata kama asingeielekeza popote, ni mzazi gani wa upande wa pili angemrudisha mtoto wake katika darasa lake amani ilipopatikana? Mwalimu asiye na silaha aliweza angalau kuita majina yote ya orodha siku shule ilipofunguliwa. Hili ndilo nililomjibu kijana yule wiki iliyofuata, naye hakukubali lote. Alisema Kerio si Londiani, na katika hilo alikuwa na haki.

Mwezi wa Februari 2023 serikali ilipeleka jeshi kuwasaidia polisi katika kaunti sita za kaskazini mwa Bonde la Ufa, na wanajeshi wakatengeneza baadhi ya shule zilizoharibiwa. Kijana wangu alikwenda huko mwaka ule. Aliponipigia simu alisema askari wawili wa akiba huketi chini ya mti, nje ya ua wa shule, na siku wasipofika wazazi hawaleti watoto. Kisha akaniuliza kama ninavyo vitabu vya hesabu, hata vilivyochakaa, maana vyao viliungua.