UZI: Mashirika ya haki yanaibana vipi serikali? Kesi ya Mavoko, 2016

Kila mjadala wa polisi na mauaji ukianza humu, lazima mtu aulize: haya mashirika ya haki za binadamu yanasaidia nini, zaidi ya kutoa taarifa na kula pesa za wafadhili? Swali ni halali. Tulijibu kwa kesi ya hapa kwetu, kaunti ya Machakos. 🧵

Aprili 2015, mwendesha bodaboda Josephat Mwenda alisimamishwa barabarani, afisa wa polisi akampiga risasi mkononi. Kisha akashtakiwa yeye! Wengi hapo hunyamaza. Mwenda alipeleka malalamiko IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Shirika la International Justice Mission likampa wakili, Willie Kimani.

Ndiyo, shirika hilo ni la Kimarekani. Najua kuna mtu tayari anaandika "mabeberu" huko chini. Sawa, lakini ni watu wangapi wa boda unaowajua wanaoweza kulipa wakili kwa zaidi ya mwaka?

23 Juni 2016 wawili hao walitoka mahakama ya Mavoko wakiwa na dereva wa teksi, Joseph Muiruri. Hawakufika nyumbani. Walizuiliwa kwenye kambi ya polisi ya Syokimau, na kutoka huko kikarushwa nje kijikaratasi cha choo chenye ujumbe wa kuomba msaada. Kama wiki moja baadaye, miili ya wote watatu ilipatikana mtoni, Ol Donyo Sabuk, ndani ya magunia.

Mawakili, wanaharakati na madereva wa teksi waliingia barabarani. Chama cha Mawakili, LSK, kikasusia mahakama. Hiyo iliuma, maana korti zikilala serikali haiwezi kujifanya haioni.

Lakini Wakenya tumeandamana mara ngapi, na kesi ngapi zimekufa kimya kimya? Kwa maoni yangu, tofauti hapa ilikuwa faili. Malalamiko yalikuwa yameshaandikwa IPOA, yana tarehe, yanamtaja afisa. Ile hadithi ya "watu wasiojulikana" haikuwa na pa kushika. Halafu watu hawakuenda nyumbani baada ya maandamano. Kesi ilichukua miaka 6, mashahidi zaidi ya 40, rekodi za simu, tarehe zikiahirishwa na kuahirishwa tena, na mawakili wa upande wa waathiriwa wako pale pale kortini. Kazi ya kuchosha, haitrendi.

Julai 2022 Mahakama Kuu ikawapata na hatia maafisa 3 wa polisi na raia mmoja aliyekuwa mpasha habari wao. Afisa wa nne aliachiliwa. Februari 2023 mmoja akahukumiwa kifo, wengine vifungo vya kati ya miaka 20 na 30.

Sasa linganisha na Mto Yala. Mwanzoni mwa 2022 wanaharakati walifichua kwamba miili ilikuwa ikiopolewa kule, mingi. Hasira mitandaoni ilikuwa kubwa vilevile. Ila wengi wao hawakuwa hata na jina, sembuse faili la malalamiko na wakili anayejua walitoka wapi.

Na tusidanganyane: ni malalamiko hayo hayo yaliyofanya Mwenda auawe. Kumwambia raia "ripoti tu" bila kumpa ulinzi ni kumtuma pabaya.

Mwaka 2017 Bunge lilipitisha Sheria ya Kuzuia Mateso na pia ile ya kuunda huduma ya wachunguzi wa vifo, ili kifo chenye utata kisichunguzwe na polisi peke yao. Hiyo ya pili imekaa miaka na miaka kwenye karatasi bila kuanza kazi. Mgombea yeyote, wa chama chochote, akikuambia anapinga mauaji ya polisi, muulize ofisi hiyo ataifungua lini na ameitengea shilingi ngapi.