Ndege za upelelezi juu ya Kisaki, 1916: Ziliona nini, hazikuona nini?

Kisaki, kusini mwa milima ya Uluguru, wengi wanaijua kwa kituo cha reli ya TAZARA na kwa kuwa karibu na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Lakini mwaka 1916 ilikuwa uwanja wa mapigano kati ya majeshi ya Uingereza na ya Ujerumani. Vita hivyo vilileta ndege za kwanza za kijeshi katika anga la Morogoro, na kazi yake kubwa ilikuwa kuangalia.

Ndege gani hizo?

Iliyojulikana zaidi ni B.E.2c ya Uingereza. Ilitengenezwa kwa mbao, nyaya na kitambaa, ikiwa na bawa la juu na la chini. Injini yake ilikuwa na nguvu farasi 90 hivi, na mwendo wake haukufika kilomita 120 kwa saa. Ilibeba watu wawili: rubani alikaa nyuma, na mtazamaji alikaa mbele.

Waliobuni ndege hii walitaka itulie angani yenyewe, ili walio ndani wapate nafasi ya kutazama, kuchora ramani na kupiga picha. Huko Ulaya utulivu huo uliiponza, kwani ilishindwa kukwepa haraka iliposhambuliwa na ndege za adui. Huku kwetu Wajerumani hawakuwa na ndege za kupambana nayo. Maadui wake walikuwa joto, mvua, risasi kutoka chini na injini kuzimika juu ya pori.

Zilifikaje Morogoro?

Kikosi namba 26 cha jeshi la anga la Uingereza, chenye watu wengi kutoka Afrika Kusini, kiliundwa Oktoba 1915 na kufika Mombasa mwishoni mwa Januari 1916. Kilifuata jeshi la Jenerali Jan Smuts kutoka Kilimanjaro hadi Morogoro, mji uliotekwa Agosti 26, 1916. Kutoka huko marubani walielekea kusini, kutafuta jeshi la Kijerumani la Paul von Lettow-Vorbeck.

Haikuwa safari rahisi. Vilele vya Uluguru vinapita mita 2,600, na B.E.2c ilikuwa na uwezo wa kupanda mita 3,000 tu hivi. Nafasi iliyobaki juu ya mlima ilikuwa ndogo, na mawingu yakishuka inakwisha kabisa.

Picha zilipigwaje?

Kamera za wakati huo zilikuwa nzito na zilitumia vioo badala ya filamu. Kila picha ilihitaji kioo chake. Mfano mzuri uko Rufiji: Aprili 1915, kabla ya kikosi cha 26 kufika, ndege ya Uingereza iliipiga picha manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha kati ya mikoko. Julai mwaka huo ndege ziliwaelekeza wapiga mizinga, na meli hiyo ikaangamizwa.

Kisaki ilikuwa tofauti. Meli haiwezi kutembea porini, lakini askari wanatembea. Mlio wa injini ulisikika kutoka mbali, na aliye chini aliweza kuingia mitini. Mtazamaji aliona vilele vya miti na nyasi ndefu.

Septemba 7 na 8, 1916, vikosi vya Afrika Kusini vya majenerali Brits na Enslin viliishambulia Kisaki, kila kimoja kwa upande wake bila kuwasiliana vizuri, na vikarudishwa nyuma. Baada ya siku chache Wajerumani waliondoka wenyewe, wakajipanga ng'ambo ya Mto Mgeta hadi Januari 1917.

Nani anakumbukwa?

Kikosi cha 26 kilichukua kauli ya Kiafrikaans yenye maana ya "mlinzi angani". Mtazamaji wake mmoja, Leo Walmsley, alitoa kitabu kuhusu safari zake mwaka 1920. B.E.2c iliyohifadhiwa imo katika mkusanyiko wa makumbusho ya vita ya Uingereza, na nyingine iko Kanada.

Waliokuwa chini wana kumbukumbu chache. Wapagazi walibeba chakula na risasi milimani na kwenye tope, na wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Wenyeji, Wakutu na Waluguru, walinyang'anywa vyakula vyao. Majina yao hayamo katika vitabu vya marubani. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, linatokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, lakini wengi wanaopita sokoni hapo hawajui.

Wewe ufanye nini?

Waliokuwepo wamekwisha kufariki, lakini wajukuu wao wapo. Ukiwa na simu, mwombe mzee ruhusa umrekodi. Muulize babu yake alibeba mizigo ya nani, alipita njia gani, na nani hakurudi. Taja mwanzoni jina la mzee, kijiji na tarehe, kisha hifadhi nakala kwenye simu ya pili. Piga picha pia ya handaki au kaburi la zamani, ukiandika mahali lilipo.

Ukikuta chuma cha zamani shambani, usikiguse wala usikigonge. Kinaweza kuwa bomu. Weka alama kwa mbali, na utoe taarifa ofisi ya kijiji au polisi.