Walioanguka wa Karthago



Juma hili tuirudie kesi ya kale iliyoamuliwa katika bara letu la Afrika, maana swali lake halijazeeka: Mkristo aliyekosa mbele ya watu arudishweje kundini?

Mwaka 250 Kaisari Desio aliwaamuru wakazi wa dola ya Roma waitolee miungu sadaka, na aliyetii alipewa hati yenye mashahidi. Hati zaidi ya 40 za namna hiyo zimepatikana Misri. Huko Karthago, katika nchi iitwayo leo Tunisia, Wakristo walijitokeza kwa wingi mno hata jioni mahakimu wakawaambia warudi kesho. Wengine walifukiza ubani, wengine walikula nyama ya sadaka, na wenye fedha walinunua hati bila kuikaribia madhabahu. Wachache walikataa, wakafungwa na kuteswa.

Dhoruba ilipotulia, walioanguka walibisha hodi kanisani. Ajabu ni kwamba walioteswa gerezani ndio waliokuwa wepesi wa kusamehe. Walitoa barua za amani, nyingine zikimtaja mtu mmoja pamoja na watu wake. Na watu wake huweza kuwa ishirini au thelathini, wakwe na watumwa wakiwamo! Huko Roma padre Novasiani alishika upande wa pili: aliyeikana imani na atubu maisha yake yote, lakini Kanisa lisimpokee tena.

Katikati alisimama Askofu Sipriani, naye hakuwa na kiti chepesi cha kuhukumia, kwa kuwa wakati wa dhuluma alikuwa amejificha, na wapinzani wake hawakumwacha asahau. Aliikataa huruma ya jumla isiyomwuliza mtu alitenda nini. Aliukataa vilevile mlango uliofungwa wa Novasiani. Sinodi ya mwaka 251 iliagiza kila kesi ichunguzwe. Aliyenunua hati hakuwa sawa na aliyetoa sadaka, wala aliyekimbilia madhabahuni hakuwa sawa na aliyekwenda peke yake ili mke na watoto wake wasalimike. Wenye hati tu walipokewa. Waliotoa sadaka walipewa malipizi marefu, wapatanishwe saa ya kufa. Haukupita muda, dhuluma nyingine ikakaribia, maaskofu wakalegeza: watubu wote wapewe amani sasa. Waliuliza, kwa maana hiyo, utamwambiaje mtu amwage damu yake kwa ajili ya Kristo huku ukimnyima Damu ya Kristo?

Malipizi yale yalikuwa ya hadharani, pamoja na magunia na majivu. Lakini mtubu aliwaomba waamini wamwombee, nao walilia pamoja naye. Wapo kati yetu wanaokumbuka mabinti waliokalishwa benchi la nyuma kwa sababu ya mimba, huku aliyewapa mimba akipanga mstari wa Komunyo. Hatuthubutu kuuita utaratibu huo mapokeo ya mababa. Kule Karthago hakimu aliuliza kwanza nani kafanya nini.

Mtaguso wa Nisea, mwaka 325, uliwapa walioanguka bila kushurutishwa miaka 12 ya malipizi, lakini ukaagiza mtu aliye kufani asinyimwe Komunyo ya mwisho. Mwanahistoria Sokrate asimulia kwamba Kaisari Konstantino, baada ya kumsikia askofu mmoja wa kundi la Novasiani akitetea ukali wao, alimwambia achukue ngazi apande mbinguni peke yake.

Mwaka 459 Papa Leo Mkuu aliwaandikia maaskofu kadhaa wa Italia, akikataza desturi ya kuwasomea watu hadharani dhambi za watubu zilizoandikwa katika karatasi. Yatosha, alisema, kumwungamia padre kwa siri. Na sababu aliyoitoa ni ya mchungaji anayelijua kundi lake: wengi wangekaa mbali na dawa, ama kwa haya, ama kwa kuogopa adui asije akayachukua maneno yaliyosomwa kanisani na kuwashitaki nayo mbele ya sheria.