Ulinzi wa majirani Meru na Embu: Nguvu na mipaka yake

WIZI wa karibu na nyumbani katika kaunti za Meru na Embu haufanani sana na ule wa miji mikubwa. Mwizi wa huku hatafuti runinga na vito pekee. Hufuata ndama zizini, makadamia mtini, miraa shambani, kahawa katika ghala la kiwanda na, kule Mbeere, mbuzi na muguka. Sehemu kubwa ya mali hiyo haina mlango wala kufuli, na mwenyewe hulala mbali na mahali ilipo.

Kituo cha polisi nacho mara nyingi ki mbali, na mvua ya masika ikinyesha, barabara ya udongo haipitiki. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa Meru ina wakazi 1,545,714 na Embu 608,599. Hakuna idadi ya maafisa inayoweza kulinda kila lango katika maboma ya watu hao. Aliye karibu ni jirani, na ulinzi wa mtaa hujengwa juu ya ukweli huo: jirani huona na kusikia mapema, polisi huchunguza na kukamata, mahakama huhukumu. Shida huanza mmoja wao anaposhika kazi ya mwenzake.

Mfano wa makadamia unaonyesha jinsi wizi mdogo unavyoharibu riziki ya kijiji kizima. Makadamia iliyokomaa huanguka yenyewe, na mkulima mwangalifu huiokota chini. Mwizi hangoji. Huja usiku, akatikisa matawi na kuondoka na gunia la kokwa ambazo ganda lake bado ni jeupe. Mwenye shamba, akihofia kupoteza zilizobaki, naye huvuna kabla ya wakati, na jirani yake akiona hivyo hufanya vivyo hivyo. Mwishowe soko hujaa makadamia mbichi, bei hushuka, na hata asiyewahi kuibiwa hupata hasara. Mamlaka ya Kilimo na Chakula imekuwa ikitangaza vipindi vya kusitisha mavuno, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi mapema mwaka unaofuata, ili kuzuia uvunaji huo. Agizo la namna hiyo humfunga mkulima mwaminifu kwa urahisi kuliko linavyomfunga mwizi.

Miraa ina tabia tofauti. Lazima itafunwe ikiwa bado mbichi, kwa hivyo iliyoibwa Igembe au Tigania usiku hutafutiwa mnunuzi upesi, kabla haijanyauka. Hii ndiyo sababu wakulima wengi hulala shambani au huajiri walinzi wa usiku, na ndiyo sababu makabiliano gizani yamegharimu maisha ya washukiwa na ya walinzi. Kahawa huibwa kwa magunia, ikiwa imekaushwa na kuwekwa tayari kwa kusagwa. Ng'ombe naye huswagwa hadi mpakani, hasa pande zinazopakana na Isiolo, au huchinjwa papo hapo na nyama ikabebwa, mwenyewe akaamka na kukuta kichwa na matumbo.

Mali zote hizi zina jambo moja kwa pamoja: hazina faida kwa mwizi bila mnunuzi. Gunia la makadamia haliliwi na familia ya mwizi, wala kahawa iliyokaushwa haipikwi nyumbani kwake. Kuna wakala anayepima usiku, mwenye bucha asiyeuliza maswali, mwenye pikapu anayelipwa mara mbili ya nauli. Kanuni ya Adhabu ya Kenya humwona mtu anayepokea mali ya wizi akijua ni ya wizi kuwa na kosa zito, na kifungu cha 322 kinaruhusu afungwe hadi miaka 14. Adhabu ya juu ya mwizi wa mifugo, chini ya kifungu cha 278, ni miaka hiyo hiyo 14. Hata hivyo, vikundi vingi vya ulinzi hutumia usiku kucha kumvizia kijana mwenye gunia, na mchana husalimiana kwa heshima na aliyelinunua.

Kulindana si jambo geni katika eneo hili. Kabla ya ukoloni, vijana wa Kimeru waliotahiriwa waliishi pamoja katika nyumba ya mashujaa iliyoitwa gaaru, wakiwa tayari kuitikia kamsa. Njuri Ncheke, baraza la wazee la Wameru, liliamua kesi na kulisha kiapo pale ushahidi ulipokosekana. Serikali ya kikoloni ililitambua baraza hilo, hasa kupitia H. E. Lambert, mkuu wa wilaya aliyechunguza kwa kina mila za huku na ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamjua zaidi kwa utafiti wake wa lahaja za pwani.

Kuna urithi mwingine usiozungumzwa sana. Wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952, wakoloni waliwapa silaha walinzi wa vijiji walioitwa kamatimu ili wapigane na Mau Mau, na wakazi wa Embu na Meru walikuwa miongoni mwa waliolazimishwa kuhamia vijiji vilivyozungushiwa mitaro. Baadhi ya kamatimu walitumia bunduki hizo kulipiza visasi vya mashamba. Mzee anayesitasita anapoambiwa ajiunge na kamati ya usalama inayoratibiwa na chifu huenda hana uhasama na serikali. Anakumbuka tu.

Mpango wa sasa umepitia hatua mbili. Mwaka 2005, Rais Mwai Kibaki alizindua rasmi mpango wa polisi jamii huko Ruai, Nairobi. Miaka 8 baadaye, baada ya shambulizi la kigaidi katika jumba la Westgate mnamo Septemba 2013, serikali ya Rais Uhuru Kenyatta ilileta Nyumba Kumi, na Joseph Kaguthi, aliyewahi kuwa mkuu wa mkoa, akateuliwa kuongoza kamati yake ya kitaifa. Wazo lenyewe lilitoka Tanzania, ambako balozi wa nyumba kumi alikuwa ngazi ya chini kabisa ya chama cha TANU tangu miaka ya 1960. Kenya ilichukua jina na muundo, ikaacha chama.

Kasoro ya mwanzo ilikuwa kwamba mpango uliozaliwa kwa hofu ya magaidi ulipelekwa vijijini ambako hofu kubwa ilikuwa wezi wa ng'ombe. Jina pia liliwapotosha wengi. Si lazima nyumba ziwe 10. Katika mashamba ya Runyenjes au Imenti zinaweza kuwa zote za mteremko mmoja, na mjini Meru au Embu zinaweza kuwa ploti moja ya wapangaji. Muhimu ni kwamba watu hao wanajuana, wanamchagua msemaji wao wenyewe, na msemaji huyo anafahamiana na naibu wa chifu na mkuu wa kituo cha polisi.

Kisheria, msingi uko wazi. Ibara ya 244 ya Katiba ya 2010 inaitaka Huduma ya Taifa ya Polisi ikuze uhusiano wake na jamii. Sheria ya Huduma hiyo ya mwaka 2011 ina sehemu nzima kuhusu polisi jamii, na kifungu chake cha 41 kinaweka mamlaka ya usalama katika kila kaunti, ikiongozwa na gavana au waziri wa kaunti aliyemteua, na yenye wajumbe wanaotoka miongoni mwa wakazi. Hakuna mahali ambapo sheria hiyo inampa mwanakamati wa Nyumba Kumi sare, pingu, bunduki au seli. Asichanganywe na askari wa akiba wa polisi, ambao huandikishwa na serikali na kupewa silaha chini ya amri ya polisi.

Raia hata hivyo hakuachwa mikono mitupu. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Utaratibu wa Makosa ya Jinai kinamruhusu mtu yeyote kumkamata anayetenda mbele ya macho yake kosa ambalo polisi wangeweza kumkamatia bila hati, au anayemshuku kwa sababu za kuridhisha kuwa ametenda kosa zito. Kifungu cha 35 kinamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa isivyostahili. Kukamata kunaishia hapo. Hakuna ruhusa ya kumpiga ili ataje wenzake, kumfungia stooni hadi wazee wakutane, au kumtembeza sokoni akiwa na gunia shingoni.

Saa moja kati ya kamsa na kuwasili kwa polisi ndiyo hatari kuliko zote. Watu wametoka usingizini, wana panga na rungu, na kila mmoja ana kumbukumbu ya hasara yake ya mwaka jana. Aliyekamatwa anaweza kuwa mwizi. Anaweza pia kuwa mlevi aliyepotea njia, kibarua aliyekuwa akielekea kwa mwajiri, au kijana aliyekuja kumwona msichana wa boma hilo. Akifa, kila aliyeshiriki anaweza kushtakiwa kwa mauaji, na habari za wenzake, za mnunuzi na za mahali mali ilipofichwa zinakwisha pamoja naye. Mtandao wa wizi humshukuru mno mtu aliyemchoma moto shahidi.

Yaliyotokea jirani na Embu mwaka 2009 hayafai kusahauliwa. Wakazi wa Kirinyaga na Mathira, wakiwa wamechoshwa na ada za lazima za kundi la Mungiki, waliunda makundi ya kuwasaka na kuwaua washukiwa. Usiku wa Aprili 20 kulipiziwa kisasi katika kijiji cha Gathaithi, Mathira, na watu wapatao 29 wakauawa. Hasira ya wanavijiji ilikuwa na sababu. Waliolipa si lazima wawe ndio waliokuwa wamewaua washukiwa.

Upande wa pili wa mizani ni polisi wenyewe. Agosti 2021, ndugu wawili waliokuwa wanafunzi wa vyuo walifariki baada ya kukamatwa na polisi Kianjokoma, Embu, wakati wa kafyu ya Covid-19. Polisi walidai kuwa wawili hao waliruka kutoka kwa gari lililokuwa likienda. Wakazi waliandamana, na maafisa sita wakashtakiwa kwa mauaji, wakakana mashtaka. Baada ya tukio kama hilo, kumwambia mzazi wa eneo hilo apige simu kituoni kila anapoona kijana anayemtilia shaka ni kumdai imani ambayo haijarejeshwa. Yapo pia malalamiko ya kila siku kwamba jina la aliyetoa habari humfikia mshukiwa kabla ya jioni. Mkuu wa kituo anayetaka habari za wakazi hana budi kuanza kwa kulinda majina yao. Malalamiko kuhusu mwenendo wa afisa hupelekwa kwa mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ambayo nambari yake ya simu isiyolipishwa ni 1559.

Nyumbani kwenyewe, hatua zenye faida si za gharama. Zizi lijengwe mahali ambapo mtu aliye chumbani anaweza kusikia ng'ombe akihangaika, na mlango wake ufungwe kwa ndani au kwa mnyororo badala ya kamba. Ua wa michongoma hukatwa mara kwa mara, maana ua mrefu na mzito humficha mwizi zaidi ya unavyomzuia. Mbwa afungwe mchana na kuachwa usiku. Taa ya sola iliyoelekezwa kwenye njia inafaa kuliko ile inayommulika mwenye nyumba anapochungulia. Makadamia, kahawa na pesa za mauzo visikae nyumbani siku ambayo kijiji kizima kinajua malipo yametoka.

Mtu anayesafiri amwambie jirani mmoja, si kila mtu kwenye matatu. Kibarua mpya aandikwe jina na nambari ya kitambulisho, kwa adabu, na mwenye ploti afanye hivyo kwa kila mpangaji. Wahudumu wa bodaboda waingizwe katika mpango, maana ndio wanaojua nani alibebwa saa nane usiku na mzigo gani. Ukaguzi huo usigeuke kuwa chuki kwa wageni. Wezi wengi wa mazao wanayajua mashamba kwa sababu waliwahi kuyalima.

Kamsa ikipigwa, mmoja apige 999 au 112, mwingine ampigie naibu wa chifu, na wengine wazibe njia za kutokea badala ya kukusanyika wote bomani. Alama za viatu, kufuli iliyovunjwa na kamba iliyokatwa viachwe vilivyo hadi afisa afike. Asubuhi mwenye mali ahakikishe taarifa yake imeandikwa kituoni na apewe nambari ya OB. Bila nambari hiyo, kesi huwa vigumu kufuatilia.

Ushahidi wa umiliki ndipo kesi nyingi zinapokwama. Ng'ombe aliyepatikana Isiolo hawezi kusema ametoka Timau. Picha ya simu inayoonyesha mabaka na pembe, hereni yenye nambari sikioni, kadi ya chanjo au stakabadhi ya kununuliwa humsaidia hakimu kuliko viapo vya majirani kumi. Usafirishaji wa mifugo nao unahitaji kibali cha afisa wa mifugo, na mwenye bucha makini hukiomba kabla ya kutoa pesa. Kamati ya usalama inayoandika orodha ya wachinjaji na wanunuzi wa mazao wa eneo lake, ikawatembelea mchana pamoja na polisi, huanzia mahali ambapo mali hugeuzwa kuwa pesa.