Rue Alikuwa Mweusi Tangu Kitabuni

Wasee, kabla mbishane tena nani aigize nani, turudi nyuma kidogo.

2008, Suzanne Collins alitoa The Hunger Games. Mle kuna Rue, msichana wa miaka 12, na kitabu kinasema wazi ngozi yake ni kahawia iliyokolea. Filamu ikatoka 2012, Amandla Stenberg akiwa Rue. Manze, kuna mashabiki walikasirika! Mwingine akaandika Twitter kwamba kifo cha Rue hakikumuuma tena vile.

2022, Leah Jeffries akapewa nafasi ya Annabeth wa Percy Jackson. Kelele zikarudi, safari hii eti kitabu kiheshimiwe, Annabeth ana nywele za dhahabu. Rick Riordan, mwandishi mwenyewe, akamtetea huyo dada.

Umeona hiyo? Kwa Rue, kitabu kilisema na hawakusikia. Kwa Annabeth, kitabu kikageuka sheria. Basi shida haijawahi kuwa kitabu.

Na sijitoi. Mimi, Mkenya mweusi, nilisoma ile peji ya Rue na bado nikamchora mzungu kichwani.

Wewe ulimwona nani?